Ukuta Unaoamka Umelowa: Uchambuzi wa Kisa cha Kuvu Iliyorudi Mara Nne

Majina, mahali na kila alama inayoweza kuitambulisha familia hii nimeviondoa. Mpangilio wa matukio, vipimo na makosa, likiwamo kosa langu mwenyewe, nimeviacha kama vilivyokuwa. Kazi yangu ni kukagua nyumba zinazosumbuliwa na maji: yanayovuja, yanayopanda kutoka ardhini, na yale yanayotoka hewani, ambayo wengi wetu huyasahau kwa sababu hatuyaoni yakitiririka.

## Nyumba na waliomo

Ni nyumba ya chini, isiyo na ghorofa. Kuta ni za matofali ya saruji zilizopigwa plasta pande zote mbili, sakafu ni ya vigae, dari ni ya jipsam. Ina vyumba vitatu vya kulala, kimojawapo kikitumika kama stoo, pamoja na sebule, jiko, na bafu moja kwenye korido. Mahali ilipo pana joto na unyevu karibu mwaka mzima: mchana nyuzi 30 na ushei, usiku mara chache kushuka chini ya 25, na unyevu wa hewa ya nje ukicheza kati ya asilimia 70 na 90. Aliyezaliwa kwenye hali ya hewa ya namna hiyo hahitaji kuelezwa: mkanda wa ngozi unaoota unga mweupe kabatini, milango ya mbao inayovimba na kukwama msimu wa mvua, vitabu vinavyojikunja kingo.

Ndani waliishi baba, mama, watoto wawili na bibi mzaa baba. Mtoto mdogo ana pumu. Kiyoyozi kilikuwa chumba cha wazazi tu. Ukuta unaogusa kichwa cha kitanda cha wazazi ndio huohuo ukuta wa chumba cha watoto kwa upande wa pili, na kwenye chumba hicho ndipo alipolala bibi pia. Upande huo wa watoto, kabati kubwa la nguo lilisimama limeshikana na ukuta kabisa, bila hata nafasi ya kupitisha kidole. Naomba msomaji aukumbuke ukuta huo na kabati hilo.

## Mara tatu za mwanzo

Madoa ya kwanza aliyaona bibi. Alikuwa anatafuta kitu kilichodondoka nyuma ya kabati, akakuta ukuta umejaa vidoa vyeusi na harufu nzito ya nguo zilizofungiwa zikiwa mbichi. Mama akalivuta kabati, akachukua dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, akapaka na kusugua. Ukuta ukawa mweupe. Baada ya wiki tatu vidoa vilirudi palepale, kwa umbo lilelile: mstatili wenye upana na urefu wa kabati, kana kwamba mtu amekaa akalichora ukutani.

Safari iliyofuata mama alitaka kitu kikali zaidi, akachanganya klorini na siki. Siki ni asidi, na asidi ikikutana na dawa ya namna hiyo hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho, koo na mapafu. Alianza kukohoa, akaacha kila kitu, akatoka nje huku akiwaita watoto wamfuate. Namshukuru Mungu kwamba aliishia kukohoa tu. Dawa ya klorini haichanganywi na siki, wala na dawa ya choo yenye asidi, wala na kitu chochote chenye amonia. Nalisema hili kabla ya mengine yote kwa sababu chumba kinachoota kuvu kwa kawaida ni chumba kidogo chenye hewa iliyotuama, na hapo ndipo gesi hiyo inapoumiza zaidi.

Hiyo ya klorini ndiyo mara ya kwanza. Mara ya pili aliitwa fundi rangi. Alikwangua, akapiga skimu, akapaka rangi ya kuzuia kuvu chumba cha watoto, na sebuleni, ambako plasta ya chini ilikuwa inapukutika, akapaka rangi ya mafuta ili iweze kufutwa. Kazi ilikuwa nzuri machoni. Rangi ya watoto ilivumilia miezi minne. Ya sebuleni haikumaliza miwili: ilivimba malengelenge, na lengelenge likipasuliwa linatoa maji.

Mara ya tatu ulikuja ushauri wa ndugu aliyewahi kuishi nchi ya baridi. Kule, alisema, dawa ya kuvu ni kufungua madirisha. Familia ikafanya hivyo kwa bidii: tangu alfajiri, mara tu kiyoyozi kinapozimwa, madirisha yote ya nyumba yanafunguliwa hadi jioni. Hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Kioo cha kabati la wazazi kilipata ukungu kila asubuhi, vigae vikatoka jasho hadi mtoto akateleza, na kuvu sasa ikaonekana pia nyuma ya kichwa cha kitanda cha wazazi, mahali ambapo haikuwahi kuwepo. Mikoba na viatu vikaanza kuota.

## Ziara yangu ya kwanza

Nilifika saa tisa alasiri, jua kali. Nikaanza na sebule kwa sababu ndiyo iliyokuwa inapiga kelele. Nje ya ukuta wake kulikuwa na bustani ya maua iliyojazwa udongo hadi kupita usawa wa sakafu ya ndani, na bomba la mfereji wa paa lilimwaga maji yake papo hapo kwenye udongo huo. Ndani, ukuta ulikuwa umetoa chumvi nyeupe kama unga, kuanzia chini hadi usawa wa goti, na juu yake mstari wa kahawia ulioonyesha maji yalikoishia. Hakuna dalili iliyo wazi zaidi ya hiyo. Tofali na plasta vina vinyweleo vinavyofyonza maji kama utambi wa taa unavyopandisha mafuta. Maji hupanda na chumvi za ardhini, yakifika usoni hukauka, chumvi inabaki. Rangi ya mafuta iliyokuwa juu yake ilizuia tu ukuta usipumue, kwa hiyo maji yakatafuta njia kwa kuivimbisha.

Nikaagiza udongo uondolewe hadi sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, bomba la mfereji liongezwe limwage maji mbali na msingi, rangi ya mafuta ikwanguliwe, na ukuta uachwe wazi ukauke bila kupakwa chochote.

Kisha nikapita chumba cha watoto. Nikaweka kiganja ukutani, palipo na mstatili, nikakuta pakavu. Bibi alikuwa amekaa kitandani, akaniambia: "Mwanangu, ukuta huu huamka umelowa. Ukija asubuhi utauona."

Nikamjibu, "Sawa, bibi, tutauangalia." Sikuuangalia. Nilikuwa nimeshapata sababu sebuleni, sababu nzuri yenye ushahidi, nikaitandaza juu ya nyumba nzima. Nilimweleza mama kwamba unyevu wa sebuleni ndio unaosafiri hadi kule, na kwamba sebule ikikauka chumba cha watoto nacho kitakauka.

Baada ya miezi miwili na nusu sebule ilikuwa imekauka kweli. Chumba cha watoto kilikuwa na mstatili mweusi wa nne.

## Ziara ya pili, na daftari

Safari hii niliomba nifike kabla jua halijachomoza. Mama alinifungulia, tukaingia bila kuwasha taa kubwa ili watoto wasiamke, baba akanisaidia kusogeza kabati. Nikaweka kiganja palepale nilipokiweka siku ile. Kililowa. Bibi alikuwa macho, hakusema neno.

Nilikuwa na kipimajoto cha kulenga ukuta bila kuugusa na haigrometa mbili, vipimo vidogo vya unyevu wa hewa. Hewa ya chumba cha watoto ilikuwa nyuzi 28, unyevu asilimia 82. Kwa hewa ya namna hiyo kiwango cha umande ni karibu nyuzi 24.7, maana yake, kitu chochote chumbani chenye baridi kuliko hapo kitatoka jasho, kama bilauri ya maji baridi inavyotoka jasho mezani. Ukuta wa wazi, pembeni mwa kabati, ulikuwa nyuzi 26. Nyuma ya kabati ulikuwa 22.

Kuna aliyeniuliza baadaye kwa nini ukuta mmoja uwe na tofauti ya nyuzi nne. Upande wa pili kiyoyozi kilikuwa kimewekwa 18 usiku kucha. Baridi ilipenya tofali. Pale ukuta ulipokuwa wazi, hewa ya joto ya chumba cha watoto iliupapasa na kuurudishia joto kidogo. Nyuma ya kabati lililojaa nguo joto hilo halikufika: kabati lilikuwa blanketi, lakini blanketi lililovalishwa upande usiofaa. Liliukinga ukuta usipate joto, huku hewa yenye maji ikipenya kingoni na kuyaacha maji yake taratibu juu ya ukuta baridi. Ukuta wa wazi ulipopata ubichi kidogo usiku, feni na joto la mchana viliumaliza. Nyuma ya kabati mchana haukuwahi kuingia.

Nilibandika kipande cha nailoni kwa utepe, kingo zote zimezibwa, sebuleni na nyuma ya kabati, nikaviacha siku mbili. Jaribio hili ni la zamani na ni rahisi: maji yakionekana nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani, yakionekana mbele, upande wa chumba, yanatoka hewani. Cha sebuleni kilikuwa kikavu pande zote. Cha chumba cha watoto kilijaa matone mbele, nyuma hakuna kitu. Nyumba moja, maji ya aina mbili, na mimi nilikuwa nimeyaita kwa jina moja.

Sikutaka kukosea tena kwa kipimo cha asubuhi moja. Nikaziacha haigrometa, moja kila chumba, nikamwomba mtoto mkubwa aandike namba mara nne kwa siku kwa siku 10: alfajiri, adhuhuri, jioni, na kabla ya kulala, na kila alfajiri aguse ukuta na kuandika "umelowa" au "mkavu". Aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu ambao watu wazima wachache wangeufikia. Mistari ya alfajiri ilisema umelowa, umelowa, umelowa. Siku ya saba imeandikwa "mkavu", na chini yake kwa herufi ndogo: "baba na mama hawakulala nyumbani". Wazazi walikuwa wamesafiri usiku mmoja na kiyoyozi hakikuwashwa. Siku ya nane umelowa tena.

Vipimo vyangu vyote havikunipa uhakika kama mstari huo mmoja.

Daftari lilionyesha jambo la pili ambalo sikulitarajia. Chumba cha wazazi kilikuwa baridi lakini hakikuwa kikavu: nyuzi 19 au 20 na unyevu wa asilimia 70 hivi. Kiyoyozi kilikuwa kikubwa kuliko chumba. Mashine ya namna hiyo hupoza hewa kwa dakika chache kisha hupumzika kabla haijakamua maji ya kutosha, na feni yake ikiachwa izunguke wakati wote, maji yaliyokusanyika ndani yanarudishwa chumbani yakiwa mvuke.

## Maamuzi, na kwa nini

La kwanza halikuwa la ukuta. Bibi na mtoto mwenye pumu walihamishiwa stoo iliyosafishwa, siku hiyohiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani unaeleza kwamba wakazi wa nyumba zenye unyevu wana hatari kubwa zaidi ya matatizo ya kupumua na ya pumu kuzidi, na mtoto huyu alikuwa analala hatua mbili kutoka kwenye ukuta wenyewe.

Kabati lilihamishiwa ukuta wa ndani usiopakana na kiyoyozi, likaachiwa nafasi ya upana wa kiganja nyuma na kuinuliwa juu ya vipande vya mbao. Ukuta wa zamani ukaamriwa ubaki mtupu. Mama hakupenda, kwa sababu chumba kilibana, na ninamwelewa.

Mvutano mkubwa ulikuwa wa kiyoyozi. Nilitaka kiwekwe 25. Baba akasema, "Fundi, mimi natoka kazini nimechoka, joto lenyewe unaliona. Nyuzi 25 si kulala, ni kujigeuza." Sikumlazimisha. Tulifunga feni ya dari, kwa sababu hewa inayotembea juu ya ngozi humfanya mtu ahisi baridi zaidi ya inavyosema namba, tukaanza na 24, baada ya wiki akapandisha mwenyewe hadi 25. Kiyoyozi kilisafishwa kichujio na bomba lake la kutoa maji, lililokuwa limeziba nusu, na feni yake ikawekwa isimame mashine inapopumzika.

Kuhusu madirisha tuliweka kanuni moja: chumba hakipati vyote viwili, kiyoyozi na dirisha wazi. Chumba cha wazazi hufungwa kiyoyozi kikiwaka na kubaki kimefungwa baada ya kuzimwa, mpaka kuta zirudi kwenye joto la nyumba. Chumba cha watoto, kisicho na kiyoyozi, hufunguliwa pande mbili ili hewa ipite, na feni inazunguka.

Bafuni tulifunga feni ya kutoa hewa. Nguo mbichi ziliacha kuanikwa korido, maana mzigo mmoja wa nguo zilizokamuliwa unaweza kuacha hewani lita mbili za maji.

Kuna mambo matatu niliyoyakataa. Baba alipendekeza ukuta ufunikwe kwa mbao za plaiwudi, na mtu mwingine akashauri kubandika maboksi ya povu upande wa watoto. Yote mawili yangefanya kazi ileile ya kabati: ukuta ungezidi kuwa baridi nyuma yake na kuvu ingeota gizani ambako hakuna wa kuiona. La tatu ni mashine ya kukausha hewa. Ni kifaa kizuri, lakini kinataka chumba kilichofungwa. Kikiwekwa kwenye chumba chenye madirisha wazi kinapigana na hewa ya dunia nzima, na kinatoa joto. Nililiacha kama silaha ya akiba.

Usafishaji ulifanywa mwisho, baada ya alfajiri saba mfululizo za ukuta mkavu. Eneo lilikuwa chini ya mita moja ya mraba, na Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani linachukulia ukubwa wa takriban huo kuwa kazi ambayo mwenye nyumba anaweza kuifanya mwenyewe. Tulivaa glavu, miwani na barakoa ya N95, mlango umefungwa na dirisha wazi, tukasugua kwa maji na sabuni kisha tukakausha. Klorini hatukuitumia. Kuvu iliyokufa bado humsumbua mwenye mzio na pumu, kwa hiyo lengo ni kuitoa ukutani, na sabuni na brashi zinatosha. Kipande cha dari ya jipsam bafuni kilichokuwa kimeota ndani kwa ndani kilikatwa na kutupwa. Jipsam iliyofika hapo haisafishiki.

## Matokeo

Nilifuatilia kwa miezi minane, msimu mzima wa mvua ukiwa ndani yake. Ukuta wa chumba cha watoto haujaota tena. Unyevu wa hewa ya chumba hicho haukushuka sana, na hili ni muhimu: alfajiri bado unasoma 75 hadi 80. Kilichobadilika ni ukuta, ambao sasa hauwi baridi kuliko kiwango cha umande na unapigwa na hewa muda wote. Chumba cha wazazi kilishuka hadi kati ya 55 na 60, ndani ya kikomo cha asilimia 60 kinachopendekezwa na shirika hilo la Marekani.

Mwezi wa nne doa la kahawia lilitokea kwenye dari ya korido. Tulipopanda tukakuta feni ya bafu ilikuwa inapuliza mvuke ndani ya dari badala ya kuutoa nje. Aliyeifunga aliishia hapo, nami sikupanda kukagua. Bomba likaongezwa hadi nje ya ukuta.

Mtoto anakohoa usiku kwa nadra sasa. Katika kipindi hichohicho daktari alimbadilishia dawa ya pumu, kwa hiyo siwezi kudai kwamba ukuta ndio uliomponya. Kabati la viatu, lililo mlangoni, linaendelea kuota unga mweupe kila mvua zinapokolea, na walichofanya ni kuling'oa milango.

## Uchambuzi

Klorini na rangi zilishindwa kwa sababu moja: zote zilishughulikia kiumbe na kuyaacha maji. Mbegu za kuvu zimo hewani kila mahali, ndani na nje, na hakuna dawa itakayozimaliza. Chakula chake, yaani vumbi, karatasi na rangi, kipo kwenye kila ukuta. Kilichobaki mkononi mwa mwenye nyumba ni maji peke yake. Rangi ya kuzuia kuvu ina kazi yake kwenye ukuta uliokwisha kukaushwa. Kwenye ukuta unaolowa kila usiku inanunua miezi michache. Simlaumu fundi rangi, kwani aliitwa kupaka na alipaka.

Ushauri wa madirisha unastahili nafasi kubwa zaidi, kwa sababu ndio unaorudiwa kila mahali na ndio uliowadhuru hawa. Kule ulikotoka ni ushauri sahihi. Hewa ya nje ya nyuzi 5, hata ikishiba mvuke kabisa, haibebi gramu 7 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ukiiingiza ndani na kuipasha joto, inakuwa kavu na yenye kiu, inafyonza unyevu wa nyumba na kutoka nao. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 inabeba takriban gramu 22. Ukiifungulia dirisha, umeingiza maji. Kama kuta zina joto sawa na hewa hiyo, hakuna ubaya, na upepo unaopita hukausha jasho na mvuke wa watu. Ndivyo nyumba nyingi za sehemu za joto zinavyoishi vizuri bila mashine yoyote. Ubaya unaanza pale nyumba inapokuwa na kuta baridi. Familia hii ilikuwa inapoza kuta usiku kucha na kuziletea maji alfajiri, saa ambayo ziko baridi kuliko zote. Walifanya mambo mawili mazuri yasiyokaa nyumba moja kwa wakati mmoja, na kila walivyoongeza bidii ndivyo walivyozidi kuumia. Hilo lilinihuzunisha kuliko kuvu yenyewe.

Inafuata kwamba mahali pa joto na unyevu, swali la kumwuliza mtu mwenye kuvu ni kipi nyumbani mwake kina baridi, na ubaridi wake unaishia wapi. Kiyoyozi kiko chumba kimoja, kuvu iko kingine, na watu wanasafisha chumba kisicho na kosa. Nimeshakuta mambo kama hayo chini ya sakafu iliyo juu ya chumba baridi, na kuzunguka mabomba ya maji baridi yasiyovikwa.

Umbo la doa lilikuwa limesema kila kitu tangu wiki ya kwanza. Maji yanayopanda kutoka ardhini huanzia chini, huacha chumvi na mstari, na kwa kawaida hayafiki mbali zaidi ya mita moja au kidogo juu yake. Maji ya paa linalovuja huanzia juu na hukua mvua inaponyesha. Maji ya hewani hayana chumvi wala mstari. Hufuata baridi na hewa iliyotuama: kona, nyuma ya kabati, nyuma ya picha, ndani ya droo. Mstatili wenye kimo cha kabati usingeweza kuwa maji ya ardhini. Niliuona nikauruka, kwa sababu nilikuwa na jibu mkononi na jibu hilo lilikuwa la kweli mahali pengine ndani ya nyumba hiyohiyo.

Kuhusu mpangilio wa hatua, tulibadilisha mambo matatu ndani ya wiki moja: kabati, kiyoyozi na madirisha. Kwa ajili ya kujifunza, ingefaa moja baada ya jingine kwa wiki mbili mbili. Kulikuwa na mtoto mgonjwa, sikuona sababu ya kusubiri. Kwa hiyo siwezi kusema kwa uhakika kila hatua ilichangia kiasi gani, ingawa ile alfajiri ya saba ya daftari inanielekeza kwenye kiyoyozi kabla ya vingine.

Na saa. Nilikwenda alasiri kutafuta maji yanayotokea alfajiri. Ukuta ulikuwa umeshakauka usoni, kiganja changu kikaniambia ukweli wa saa tisa nami nikauchukua kuwa wa saa zote. Aliyelala pembeni mwa ukuta huo kwa mwaka na nusu alikuwa ameniambia saa na mahali, kwa sentensi mbili. Siku hizi nikiitwa mahali penye kuvu nauliza kwanza nani anaamka mapema kuliko wote ndani ya nyumba, naomba nizungumze naye peke yake, kisha ndipo tunapanga saa ya kufika.